Dari ya bisi: kukwangua, kufunika kwa bodi mpya, au kupaka rangi tu?

JichoLaDari
Habari wakuu. Sebule ni mita 4 kwa 5. Dari ni jipsamu bodi iliyopuliziwa vile vipele vinavyofanana na bisi, na nyumba ni ya miaka ya 1970. Rangi imefifia, kuna doa la kahawia kwenye kona moja, na kila ukipitisha ufagio wa buibui vipele vinadondoka. Njia zilizo mezani ni tatu: kukwangua vyote na kupiga skimu (kusawazisha dari kwa tabaka jembamba la putti, ule uji mzito wa kujazia), kufunga bodi mpya, au kupaka rangi na kuviacha. Naomba hoja za kiufundi, hasa mahali kazi huwa inaharibikia.

HadubiniMoja
Mkuu, weka kwanza huo ufagio chini. Kwa nyumba ya miaka ya 1970 suala la kwanza ni asbesto (madini yenye nyuzi laini ambazo zikivutwa hudhuru mapafu), mengine yote yanasubiri. Vipele vya enzi hizo mara nyingi vilichanganywa nayo. Marekani ilipiga marufuku kupulizia mapambo ya aina hiyo mwaka 1978, lakini mali iliyokuwa tayari ghalani iliendelea kutumika, kwa hiyo hata nyumba ya miaka ya mwanzo ya 1980 haijasalimika. Kwa macho huwezi kutofautisha. Ni maabara tu, kwa hadubini.

Namna ya kuchukua sampuli: zima feni, funga madirisha, tandika nailoni chini, vaa barakoa yenye kichujio cha P3 au P100 (ya kitambaa haizuii nyuzi hizi). Nyunyizia sehemu ndogo kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni inayafanya maji yapenye badala ya kuteleza juu. Subiri dakika kadhaa, kisha chota kama kijiko kimoja cha chai mpaka ufike kwenye bodi yenyewe. Weka kwenye mfuko wa kufunga, kisha huo ndani ya mfuko wa pili. Paka putti kidogo pale ulipochota na ufute kila kitu kwa kitambaa kibichi.

Chukua sampuli tatu, sehemu tatu tofauti za chumba. Mchanganyiko ulikorogwa kwa mafungu, na fungu moja linaweza kuwa na asbesto, la pili lisiwe nayo.

JichoLaDari
Asante sana. Majibu yakija kwamba ipo, je, njia zote tatu zinakufa?

HadubiniMoja
Kukwangua mwenyewe ndiko kunakokufa. Hiyo ni kazi ya watu wenye leseni, na usafishaji wake una taratibu zake. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi inazipitisha nyuzi kwenye kichujio na kuzitawanya chumba kizima. Dari ikiwa imeshikana vizuri, ina heri ibaki ilivyo na ifunikwe. Lakini yako inadondoka, na asbesto inayodondoka ndiyo ya hatari. Hata kufunga bodi kunatoboa vipele kwa kila skrubu, kwa hiyo mwite mtaalamu aione kabla hujaamua chochote.

SkimuSafi
Tuseme majibu yametoka safi. Hapo nasimama upande wa kukwangua, kwa sharti moja: vipele visiwe vimepakwa rangi. Jaribu eneo la kiganja: nyunyizia maji, subiri dakika 15. Vikilainika kama uji mzito, havijapakwa, na kazi ni nyepesi. Maji yakisimama vitone na kudondoka, vimepakwa rangi, na sikushauri uendelee.

Kwa visivyopakwa: toa samani zote, zima umeme kwenye swichi kuu, teremsha taa, funika sakafu na kuta kwa nailoni. Tumia pampu ya mkono ya kupulizia. Lowesha eneo la mita 1 kwa 1.5 tu kwa wakati mmoja, subiri dakika 10 hadi 15, lowesha tena kidogo, kisha kwangua. Kikwanguo kiwe na upana wa sentimita 15 hadi 25, na pembe zake mbili uziviringe kwa tupa, kwa sababu zikiwa kali zinachana karatasi ya bodi.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi hii kuliko kitu kingine. Yakipungua, unakwangua vumbi. Yakizidi, karatasi inavimba, tepu za maungio zinaachia, na bodi inaanza kubonyea. Ukiona kikwanguo kinatoka na nyuzinyuzi za kahawia, hiyo ni karatasi, si vipele. Simama, acha pakauke kabisa, kisha upapige prima ya mafuta (rangi ya awali ya kuziba na kushikisha) kabla ya putti. Ukipaka putti juu ya karatasi iliyochanika bila prima, inatoa mapovu.

BoritiNne
SkimuSafi umesema kweli, ila umepita haraka kwenye kinachobaki baada ya kukwangua. Wajenzi walipenda vipele kwa sababu vinaficha maungio ambayo hayajamaliziwa. Ukiviondoa unakutana na tepu tupu, vichwa vya misumari na mabonde. Skimu siyo nyongeza hapo, ndiyo kazi kubwa. Hesabu yake: lita 1 ya putti kwa unene wa milimita 1 inafunika mita 1 ya mraba. Dari yako ni mita 20 za mraba, mikono miwili ya milimita 1 ni lita 40, ongeza sehemu ya kumi ya kupotea. Na kila mkono ukauke kabisa kabla ya unaofuata.

Kama vipele vimepakwa rangi, mimi nafunga bodi mpya bila kusita. Bodi ya 1.2 kwa 2.4 ni mita 2.88 za mraba. Saba zinatosha kwa hesabu, nunua nane kwa sababu ya vipande. Tafuta boriti kwa sumaku (inashika misumari ya bodi ya zamani), piga mistari ya chaki, laza urefu wa bodi kukatiza boriti, na maungio yapishane.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni skrubu. Bodi mpya milimita 9.5, vipele vilivyobanwa kama 3, bodi ya zamani 12.5: tayari 25 kabla hujagusa mbao. Skrubu ya 32 inaingia milimita 7 tu, na bodi za 9.5 kwa mita 20 za mraba ni karibu kilo 140 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu. Tumia ya 50.

Boksi za taa nazo zitabaki zimezama ndani, hivyo ziongezewe pete ya kuzisogeza zifike usawa wa bodi mpya.

RolaNene
Nijibu upande wa rangi, kwa kuwa umeachwa. Inafaa tu kama vipele vimeshika, na vyako havijashika. Anayetaka kujaribu ajue kwamba rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja inalainisha vipele vikang'oka na rola. Anza na prima ya mafuta, ambayo pia inazuia doa la kahawia. Rangi ya maji peke yake doa litapenya. Rola iwe ya manyoya marefu, milimita 20 au zaidi, na usirudi nyuma palipoanza kukauka. Na ukishapaka, umeifunga njia ya kukwangua kwa maji siku za mbele.

Lakini doa lenyewe, je, linalowa mvua ikinyesha? Kama bomba au paa linavuja, hakuna njia kati ya hizi tatu itakayodumu.

JichoLaDari
Nitapanda darini kukagua kona hiyo, na sampuli tatu nitazipeleka. Kama ni safi na havijapakwa, nakwangua. Swali la mwisho: skimu nitajuaje imenyooka?

SkimuSafi
Giza likiingia zima taa, shika tochi ikigusa karibu dari na umulike kwa ubavu. Kila bonde litaonyesha kivuli. Zungushia kwa penseli, jaza, piga msasa namba 150, mulika tena. Fanya hivyo kabla ya prima, kisha baada ya prima, maana weupe mmoja unafichua mengine. Na rangi ya mwisho iwe isiyong'aa.