Mji Mkongwe Zanzibar, wenyeji jioni mnabarizi wapi?

Habari zenu wakuu, naenda Unguja wiki ijayo siku tatu tu na mke wangu, hotelini wanatutajia sehemu za watalii tupu, nyie wenyewe jioni mnaendaga wapi?

Jibu 1: Jaws Corner hapo hapo Mji Mkongwe, pale njia zinapokutana. Kaa barazani, agiza kahawa chungu na kashata, utakuta wazee wanacheza bao na dhumna wanabishana siasa mpaka kikombe kinapoa. Ila usiombe maziwa, utachekwa.

Jibu 2: Wanaume bwana, kahawa tu. Mpeleke shemeji Darajani asubuhi mapema kabla ya jua, soko lile la tangu 1904, upande wa samaki wanapiga mnada kelele mtindo mmoja. Halafu mtafute urojo, ule wa bajia, kachori, mishikaki, viazi na chipsi za muhogo juu, ukamulie ndimu. Mimi pilipili ilinitoa machozi mbele za watu na bado nikaongeza bakuli la pili.

Jibu 3: Bustani ya Forodhani pale ufukweni ni ya watalii ndio lakini hata sisi tunaenda, juisi ya miwa yenye tangawizi pale haina mpinzani, bei uliza kabla hujala sio baada. Beit al Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ipo jirani, iliporomoka sehemu 2020, inauma kweli.

Muulizaji: Shukran sana jamani, urojo kwanza basi. Mke kasema mnada wa samaki niende peke yangu 😂