Siku moja Echuca na karavani: tulale mjini, msituni au ng'ambo ya Moama?

MamaNeema, Melbourne
Wadau, salaam. Naomba ushauri wa waliowahi kutembea na karavani, yaani nyumba ya tela inayokokotwa na gari, huku Victoria, Australia. Mama yangu mzazi amekuja kutoka Kigoma, amebakiza wiki tatu arudi. Tunataka kumpeleka Echuca akauone mto Murray, Jumamosi inayofuata baada ya wikiendi ndefu ya Machi. Tunakodi karavani ya watu watano, tunaondoka alfajiri, tunalala usiku mmoja tu. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Watoto wana miaka 6 na 9.

Tumekwama kati ya sehemu tatu. Kuna kambi ya karavani yenye umeme mjini, kuna msitu wa kando ya mto ambako kulala ni bure, na kuna kambi za Moama, ng'ambo ya daraja. Mume wangu anataka msituni. Mimi nawaza choo cha mama usiku. Nipeni ukweli.

BabaFuraha_Shepparton
Dada, mpe mama shikamoo yetu. Sisi tuko kilomita 70 hivi kutoka Echuca, na kila tukipata mgeni, awe ametoka Uvira au Nyarugusu, tunampeleka pale.

Laleni mjini. Siku moja na karavani inaliwa na kupaki. Ukifika unaisawazisha, unaweka vigingi kwenye magurudumu, unaitenganisha na gari, unashusha miguu, unaunga bomba la maji na waya wa umeme. Kwa mtu mgeni hiyo ni saa nzima. Ukiwa mjini unafanya mara moja, halafu gari linapumzika na mnatembea kwa miguu hadi gatini. Ukiwa msituni, kila mnachotaka kuona kinadai gari.

Gati lenyewe ndilo Echuca. Lilianza kujengwa 1865 kwa magogo ya mkaratusi mwekundu wa palepale mtoni, mwaka mmoja baada ya reli ya Melbourne kufika. Meli za mvuke zilileta sufu, treni ikaipeleka baharini. Lina ngazi tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu mto unapanda na kushuka mno, na mizigo ilibidi ishushwe maji yakiwa juu au chini. Mwambie mama akae juu kwanza atazame chini, ataelewa bila maelezo.

Jambo moja: kambi nyingi hupokea wageni mchana, na kesho yake saa nne asubuhi mnatakiwa muwe mmeondoka. Pigeni simu mapema muombe kuliacha tela pale asubuhi. Msilizungushe katikati ya mji, hamtapata pa kuegesha.

Mvuvi_wa_Kisumu
Mimi niko upande wa mumeo. Kulipia umeme ili ulale mita chache kutoka tela la jirani, kisha useme umeuona mto? Msituni mnaamka na kelele za kasuku weupe, ukungu uko juu ya maji, na hakuna mtu. Nimelala huko zaidi ya mara kumi.

Ila kwa sababu kuna bibi na watoto, nisikufiche. Msipaki chini ya mkaratusi mwekundu hata kivuli kiwe kizuri namna gani. Huangusha tawi zima bila upepo, bila onyo. Pili, udongo wa kule ukinyeshewa unakuwa kama sabuni. Mwaka juzi mvua ilinikuta usiku, asubuhi magurudumu yakazunguka palepale tu, nikasubiri hadi saa tisa alasiri mtu mwenye gari kubwa akanivuta. Familia ilikuwa na njaa na mimi sikuwa na la kuwaambia. Choo utabeba chako.

Na mkitaka kuvua samaki: mto wenyewe ni wa New South Wales, jimbo la ng'ambo, hata ukiwa umesimama ukingo wa Victoria. Kwa hiyo kibali ni cha New South Wales. Wengi wanakosea hapo. Watoto hawahitaji.

BiSalha_Adelaide
Ningekuambia Mannum, huku upande wetu wa Adelaide, ndiko meli ya kwanza ya mvuke ya mto huu ilikoanzia, *Mary Ann*, 1853, na kivuko cha gari ni bure. Lakini kutoka Melbourne ni zaidi ya kilomita 600. Kwa usiku mmoja na magoti ya mama, hapana. Ikifika likizo ndefu njooni.

Kuhusu Moama: ni mji uleule kwa macho, daraja tu. Zamani hilo daraja lilikuwa mpaka wa makoloni mawili, Victoria na New South Wales, na ushuru wa forodha ulidaiwa hadi 1901. Leo unavuka bila kusimama. Kama mjini kumejaa, laleni Moama bila wasiwasi, ila mtatumia gari kumfikisha mama gatini.

Fundi_Juma
Dada, machache ya usalama, nayasema kwa sababu nimeona watu wakiumia. Mama asilale ndani ya karavani wakati gari linatembea, hata kama amechoka. Ni marufuku, wote wakae garini na mikanda. Uzito unaokandamiza kichwa cha kuvutia, pale tela linapofungwa kwenye gari, uwe kama asilimia 10 ya uzito wa tela. Mkijaza vitu vyote nyuma, tela litaanza kuyumba barabarani, na hapo kulirudisha sawa ni kazi. Plagi ya karavani ni ya ampea 15, jino lake la ethi ni pana, haiingii kwenye soketi ya nyumbani. Msiichonge. Na mfike kabla ya magharibi, kangaruu hutoka saa hizo. Beba stuli imara ya kupandia mlangoni, kidaraja cha tela ni kirefu kwa magoti.

MamaNeema, Melbourne
Nimerudi kuwashukuru. Tulilala mjini. Baba Furaha, tulipiga simu, wakaturuhusu kuacha tela saa tatu asubuhi. Fundi, ile stuli Mungu akubariki.

Mama alishuka gatini hatua kwa hatua, mkono mmoja kwangu, mwingine kwenye nguzo, akisimama kugusa mbao. Tulipanda meli ya mvuke *Pevensey*. Alikaa karibu na mashine akamtazama kijana akisukuma magogo kwenye tanuri. Akauliza meli ni ya mwaka gani. Tukamwambia 1911. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi hii ni dada mkubwa wa Liemba." Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ilitengenezwa 1913, na yeye aliipanda akiwa msichana kwenda Kasanga. Kuanzia hapo aliwasimulia wajukuu mambo ambayo hata mimi sijawahi kuyasikia.

Jioni tuliingia msituni kwa gari tu, nusu saa, mume wangu aridhike. Mama akaokota majani, akayafikicha, akanusa: "Si haya ya kujifukizia mafua?" Ndiyo yenyewe, mti ule tulionao nyumbani asili yake ni huku. Amejaza mfuko. Nimemwambia hataruhusiwa kupita nayo uwanja wa ndege wa Dar, hataki kusikia. Mwenye kujua utaratibu wa kusafirisha majani makavu aniambie.