Kampuni zinazouza nyumba mpya, acheni kutupandia fikasi mlangoni!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu Jumatatu familia yangu ya watu sita inaomba choo kwa jirani. Watoto wanatoka usiku na tochi kwenda kugonga geti la watu. Chanzo chake ni mti ambao sikuuchagua wala sikuuomba, niliuziwa pamoja na nyumba.

Nilinunua mwaka 2018, kwenye mradi wa nyumba mpya pembezoni mwa Dar es Salaam. Kampuni siitaji. Kiwanja ni mita 18 kwa 20. Toa nyumba, toa pa kuegesha gari, toa chemba na shimo la kunyonya maji, toa kisima. Kinachobaki kuitwa bustani ni kipande cha mbele, kama mita 5 kwa 9, na ujia wa pembeni. Humo ndimo walimopanda fikasi mbili: moja mita 2 kutoka dirisha la sebuleni, nyingine mita moja na nusu kutoka kwenye chemba. Nimepima kwa futi kamba, sikadirii. Siku ya kukabidhiwa funguo zilikuwa zinanifika kiunoni, zimekatwa duara, majani yanang'aa. Nilizipiga picha nikamtumia mama. Nilifurahi mno, maana nilikuwa natoka kwenye chumba cha kupanga ambako hata mchicha niliotesha kwenye ndoo.

Leo zimepita paa. Pevingi za mbele zimenyanyuka mpaka geti halifunguki lote. Gata linajaa majani kila wiki, na maji ya mvua niliyokuwa nakinga kwenye tangi yananuka. Hayo nilivumilia. Jumatatu vyoo vyote viwili vikaanza kurudisha.

Fundi alikuja na kijana wake, wakafunua mfuniko wa chemba, akaniita: "Mama, njoo uone mwenyewe." Bomba la inchi 4 linalotoka chooni halikuonekana mdomo. Ulikuwa umejaa vimizizi vyembamba, vyekundu kama kutu, vimefungamana kama katani iliyolowa. Kijana akashika akavuta. Vikaja, vikazidi kuja, urefu wa mkono wangu mzima, na ncha zake bado mbichi, nyeupe. Tulipochimba kufuata bomba tukakuta pale linapoungana hapakupakwa gundi hata kidogo. Lilichomekwa tu. Unyevu ulikuwa unavuja pale toka siku ya kwanza, na mzizi ukaenda pale pale.

Mtaniambia basi kosa ni la fundi bomba. Ni lake pia, na nitadaiana naye. Mzizi hautoboi bomba zima. Unafuata unyevu kwenye maungio na nyufa, ukishaingia unanenepa na kulipasua. Lakini hebu niambieni, nyumba ngapi mpya mnazijua ambazo maungio yote yamezibwa inavyotakiwa? Aliyejenga anajua jinsi alivyojenga. Halafu mtu huyo huyo anachukua mti unaosaka maji kuliko karibu miti yote, anauchomeka hatua mbili kutoka kwenye chemba!

Fikasi ni jamii moja na mkuyu. Bibi yangu kule kijijini hakusoma chochote kuhusu miti, lakini alijua penye mkuyu pana maji chini, na hakuna mtu aliyepanda mkuyu dirishani kwake. Hii wanayotupandia, ikiwa kwenye chungu inabaki ndogo kwa sababu chungu kimeibana. Itie ardhini, kwenye joto letu, inakwenda mita 15, 20 na zaidi, na mizizi yake inatambaa juu juu, mbali kuliko kivuli chake. Nyingi ya mizizi ya mti huwa kwenye hizi sentimita 60 za juu, na ndipo mabomba yetu yanapolazwa. Mti wa namna hiyo hata mita 10 kutoka chemba ni karibu. Mimi kiwanja changu kina upana wa mita 18!

Sasa kwa nini wanaupanda? Kwa sababu ni bure kwao. Unakata tawi, unalichomeka, linaota. Kwa muda mfupi una mamia ya miche ya kijani ya kupanga mbele ya nyumba wakati wanunuzi wanaletwa kutembezwa. Mti unachaguliwa kwa ajili ya siku ya kukabidhi funguo. Ukifika mwaka wa tano, wa sita, ni shida ya mtu mwingine.

Nilipokwenda ofisini kwao niliambiwa hivi, neno kwa neno: "Dhamana ni ya jengo, miezi 12. Bustani ni ya mteja." Bustani ni ya mteja! Mlipokuwa mnapanda hamkuniuliza. Kwenye bei mliniandikia "bustani iliyokamilika". Ramani ya chemba na mabomba mlikuwa nayo ninyi, mimi hamkunipa hadi leo. Ningejuaje bomba linapita wapi?

Na wauza miche wa barabarani nao hawako nyuma. Jana nilikwenda kutafuta cha kupanda badala yake. Kijana akanionyesha mche mzuri wenye majani mapana. Nikamuuliza unakuwa mkubwa kiasi gani. Akaweka kiganja usawa wa kifua chake: "Unafika hapa, dada." Nikamkazia macho. Akaongeza, sauti chini: "Ukiwa unaukata." Ulikuwa mkungu, wakuu. Mkungu! Mti wa kupumzikia kijiji kizima, wenye kuvuta popo usiku kuja kula matunda na kuchafua ukuta. Pembeni yake alikuwa na mikrismasi, ule wa maua mekundu ya Desemba, nao ananiambia ni wa bustani ndogo. Ule unatanuka kuliko paa langu. Hakuniuliza kiwanja kina ukubwa gani, wala chemba iko wapi, wala kama waya wa umeme unapita juu.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi ni udongo wenyewe. Mwaka 2020 nilipanda mndimu nyuma ya jiko. Ukadumaa, majani yakawa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nikamwaga samadi, nikamwagilia, wapi. Mwishowe nikachimba kuuhamisha. Chini ya udongo mwekundu wa kama shubiri moja nikakuta kifusi: vipande vya zege, tofali zilizovunjika, mifuko ya saruji iliyogandiana na kuwa jiwe. Walifukia takataka zao zote za ujenzi wakatandaza udongo juu na kupanda ukoka. Saruji inaufanya udongo uwe na chokaa nyingi, na mti wa jamii ya limau kwenye udongo huo unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yapo. Nilitoa toroli 11 za kifusi kwenye shimo moja. Nikajaza udongo wa kununua na samadi iliyooza. Mndimu ule ule, siutanii mtu, sasa hivi nakata ndimu za mchuzi pale pale.

Kwa hiyo msiniambie kwamba bustani ndogo haifai mti. Inafaa sana. Mstafeli unatosha pale. Mkomamanga unatosha. Mpera unaopogolewa, mpapai, mwembe wa kubebeshwa unaokatwa kila baada ya mavuno usipite mita 3 au 4, na huo unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ukitaka kitu cha kusimama tu ukutani kuna miashoki, inapanda wima haitanuki, ila isiwe chini ya waya. Hata mwarobaini, mti ninaoupenda, siupandi tena kwenye kiwanja kama hiki, kwa sababu nimeona ukubwa wake kwa shemeji yangu. Watu wanaojua haya wapo, mabwana shamba wapo kwenye kata. Kampuni inayojenga nyumba 100 na kitu inashindwa kumlipa mmoja wao siku moja?

Mpaka sasa nimetumia 640,000 kwa fundi, bomba jipya na gari la kunyonya. Fikasi ya chemba nimeikata Jumatano, na leo asubuhi kisiki kimeshavimba machipukizi pembeni. Aliyewahi kuua kisiki cha fikasi bila kumwaga sumu aje aniambie alifanyaje, kisima changu kiko mita 9 tu kutoka pale.

Na kilichonifanya nifungue uzi huu badala ya kunyamaza ni hiki. Jumamosi nilipita awamu ya pili ya mradi ule ule. Nyumba zimepigwa rangi, watu wanatembezwa. Kwenye uwanja wa mbele wameshusha fikasi, zimekatwa duara, zinafika kiunoni. Mashimo yameshachimbwa. Niliingia getini kama mnunuzi, nikapima kwa hatua kutoka shimo hadi kwenye mfuniko wa chemba kwenye nyumba tatu. Hatua mbili. Hatua mbili. Hatua tatu. Kama wewe ndiye umelipia moja ya zile nyumba na bado hujachukua funguo, waambie wang'oe kabla hujasaini, na wakupe ramani ya mabomba mkononi.