Lapi inachemka hadi gemu inakwama: tupeane uzoefu wa kadi za grafiksi, Nakuru, Kisumu na magharibi yote

Mleta mada, Nakuru

Wadau habari za jioni. Kila wiki kuna mtu analia lapi yake inazima katikati ya gemu, ama video inakwama ikifika kwa efekti, na jibu la kwanza anapewa ni "kadi imeungua hiyo, peleka wakaichome na hewa moto". Mimi sikubali. Kadi nyingi zinazohukumiwa hivyo hazina makosa, ni hewa haipiti ama ni stima. Sasa leteni uzoefu wenu, lakini mje na namba, usiseme tu "ilikuwa moto sana", sema HWiNFO ama GPU-Z, zile programu za kupima joto na spidi, ilikuonyesha digrii ngapi, ndani ulipata nini, na ikaishia wapi.

Naanza na yangu. Naediti video za harusi, lapi iko na kadi ya RTX 3060, na ikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, feni zinalia mpaka majirani wanajua leo nina kazi. Joto linapanda hadi 87 linakaa hapo, kadi inaanza kujibana, spidi inatoka kama 1700 inaanguka hadi mia tisa na kitu megahezi, kazi ya nusu saa inakula saa nzima. Ukifungua GPU-Z kuna mstari unaosema kadi inazuiwa na nini, yangu ilikuwa imeandika Thrm muda wote, yaani joto. Nikafungua mgongo. Feni zenyewe safi kabisa, ukiangalia juujuu unafunga tena unaenda zako. Vumbi lilikuwa limejificha kati ya feni na yale mapezi membamba ya kutolea joto, limeshikana kama kipande cha blanketi. Hapo hata upulize kutoka nje aje, unalirudisha tu ndani. Unatoa skrubu za feni, unainua, unalibandua na kibano. Ikashuka hadi 74 na pesti, ile dawa ya kupitisha joto juu ya chipu, sijagusa. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari mnalijua, na mimi nakaa kando ya barabara ya murram.

Ziwa_Upepo, Kisumu

Nyinyi wa huko mnalia vumbi, kujeni huku mkae chini ya mabati saa nane mchana. Mimi niliweka kipimajoto cha chumba kando ya lapi. Asubuhi mapema chumba kiko 22, gemu ileile, kadi inasimama 76. Mchana chumba kinafika 33, kadi inasimama 86. Toa hesabu uone, tofauti ni ileile tu, 54 na 53. Kwa hivyo lapi haikuwa na shida, ilikuwa inajiongezea tu juu ya joto la nyumba, na hakuna pesti duniani itaishusha chini ya joto la hewa inayovuta. Nikahamisha kucheza usiku.

Usiku nao ukifungua dirisha wale wadudu wa ziwani wanafuata mwanga wa skrini, wanaingia kwa matundu ya chini wanakaukia huko. Neti nikaweka kwa dirisha. Kuna jamaa yangu aliweka neti kwa lapi yenyewe, kwa tundu la feni, joto likapanda palepale. Na nyuma nimeinua na vifuniko vya soda, viwili kila upande, hiyo peke yake ilitoa digrii tatu hivi.

Mleta mada, Nakuru

@Ziwa_Upepo hiyo ya kutoa joto la chumba ni fundisho, kila mtu akipima aandike na joto la chumba basi. Halafu usituonee wivu sana, sisi tuko karibu mita 1,850 juu na nyinyi mko kama 1,130, hewa yetu ni nyepesi inabeba joto kidogo. Ni vile tu baridi inatuokoa.

Fundi_Kondele

Jatelo, mimi hizi mashine zinapita mikononi kila siku wacha niseme ninachoona. Ya kwanza, watu wanasahau kwamba kwa lapi nyingi prosesa na kadi zinatumia paipu moja ya shaba. Prosesa za Intel nyingi zinaruhusiwa kufika 100 kabla zijibane, kadi yako inaanza karibu na 87, sasa prosesa ikiwa inachemka kwa sababu ya brauza ya Chrome yenye kurasa sitini wazi, ile joto inatembea kwa paipu inafikia kadi, halafu mwenyewe anakuja kusema kadi ni mbovu. Angalia zote mbili kabla ulaumu moja.

Ya pili pesti. Ikikauka inakuwa unga, unaikwangua na ukucha. Lakini kuna yenye haijakauka, imesukumwa tu ikatoka katikati ya chipu kwa sababu ya kupata joto na kupoa kila siku, unapata pembeni imejaa na katikati chipu inang'aa. Nimeletewa ingine imepakwa dawa ya meno. Sicheki, ilikuwa inafanya kazi, jioni ya kwanza. Maji yakikauka imebaki chokaa. Safisha na spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, paka pesti ya kueleweka kama MX-4, na ukirudisha hitisinki, ile shaba na mapezi ya kutolea joto, fuata namba zilizoandikwa kando ya skrubu, kaza kidogo kidogo kila moja, usimalize moja ndio uende kwa ingine, chipu imekaa wazi haina kofia, ukikandamiza upande mmoja inavunjika kona.

Ya tatu ndio inanikasirisha. Zile padi laini za kijivu ama za buluu juu ya chipu za memori. Mtu anazitupa anapaka pesti. Pesti haijazi pengo la milimita moja! Kadi itakuonyesha 70 na memori huko inaiva, gemu inaanza kutoa rangi za ajabu, vidoti, mistari. Na ukinunua padi nene kuliko ile ya kwanza pia umeharibu, hitisinki inainuka haishiki chipu tena. Pima ile ya zamani, 0.5 si sawa na 1.

Na ukipuliza na blowa, shika feni na kidole isizunguke, ikikimbizwa na upepo inaua beringi.

Komredi_Maseno

Mimi sina pesa ya fundi wala bisibisi, nilitumia programu tu. Gemu yangu ilikuwa inatoa fremu 140 na skrini yangu inaonyesha 60. Hizo zingine zote ni joto la bure! Nikaingia Control Panel ya NVIDIA nikaweka kikomo cha fremu 60, kutoka 84 nikashuka hadi 71. Halafu MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, unabonyeza Ctrl na F inakuja ile grafu ya volti na spidi, nikaifunga ikae 1600 megahezi kwa volti 0.80, fremu zilipungua mbili tatu. Na kwa Windows pale kwa mipangilio ya stima, kikomo cha prosesa nikaweka asilimia 99 badala ya 100, ile turbo ya kuongezea prosesa spidi ikazima, prosesa ikapoa na kadi ikapumua, vile fundi amesema kuhusu paipu.

Ziwa_Upepo, Kisumu

Omera hiyo 0.80 usipee watu kama dawa ya hospitali, chipu hazifanani. Yangu kwa 0.80 inagoma, skrini inakuwa nyeusi inarudi, inasema drava imeacha kujibu. Shuka pole pole na ujaribu gemu nzito kila hatua.

Komredi_Maseno

Kweli. Na kuna lapi zingine kampuni imefunga hiyo grafu, hata haiguswi.

Picha_Kakamega

Yangu ni tofauti kidogo. Lapi ilikuwa inakuwa slo kama imechemka, gemu inaanza vizuri halafu inaanguka, kila mtu ananiambia pesti pesti. Kupima, kadi iko 61. Sasa 61 ni joto gani? Kumbe chaja. Ile ya kwanza iliibwa, nikauziwa ingine, plagi inaingia vizuri, volti ni zile zile 19.5, lakini wati ni 65 na mashine inataka 180. Kadi ikitaka kukimbia inanyimwa, na betri inashuka ikiwa imechomekwa. GPU-Z ilikuwa inaandika Pwr, yaani stima, badala ya Thrm. Nimepata chaja ya wati kamili na sasa ndio inachemka vizuri hadi 79 hahaha, lakini gemu inaenda.

Mleta mada, Nakuru

Hii ndio nilikuwa natafuta. Madam ungekubali ile pesti ungelipa bure.

Saiba_Bungoma

Mulembe. Wacha nitetee kidogo hao wa kuchoma. Niko na saiba, mashine zangu ni za zamani, moja ilikataa kuonyesha picha kabisa, ikachomwa na hewa moto, ikarudi. Ikakaa wiki chache ikalala tena, na mara ya pili haikurudi.

Fundi_Kondele

@Saiba_Bungoma ndio vile huenda. Watu wanasema solda iliyeyuka kwa joto la gemu. Haiwezi. Solda ya siku hizi isiyo na risasi inayeyuka karibu na 217, hata ile ya risasi ni 183, na kadi yako haijawahi kufika 110. Kinachovunjika ni viungio kuchoka na kupanuka na kurudi, kila siku moto baridi moto baridi, na mara nyingi vinavyopasuka ni vile vidogo vya ndani, kati ya chipu na kibao chake, kule hewa moto haitengenezi, inavisukuma tu vigusane kwa muda. Si mambo ya kubuni, mwaka 2008 NVIDIA wenyewe walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa chipu za lapi zilizokuwa zinakufa hivyo. Mtu akikuambia atachoma, muulize kama anabadilisha chipu mpya ama anapasha ya zamani. Akipasha, hakikisha bei ni ya kupasha, na utoe faili zako siku hiyo hiyo ikiwaka.

Mama_Section58, Nakuru

Na zile stendi za feni za USB? Kijana wangu anataka moja.

Fundi_Kondele

Mama, geuza lapi kwanza. Kama matundu ya kuvuta hewa yako chini na feni za stendi zinaangukia hapo, itasaidia digrii chache. Kama mgongo umefungwa na inavuta kutoka kwa kibodi, utanunua taa za rangi. Afadhali hiyo pesa aagize PTM7950, ile ya Honeywell ya kuwekwa mahali pa pesti, inakuja kama karatasi, haisukumwi ikatoka kama pesti, inalainika ikifika kama digrii 45 inakaa pale miaka.

Komredi_Maseno

Fundi hiyo karatasi nilijaribu ikararuka yote nikibandua plastiki.

Fundi_Kondele

Ulibandua mchana wa Kisumu. Kata saizi ya chipu ikiwa bado na plastiki zote mbili, weka kwa friji dakika kumi, toa upande mmoja ubandike, rudisha baridi kidogo ndio utoe ule mwingine kuanzia kona.