Shela au Kikoi Casa? Naomba ushauri wa jina la kampuni ya nje

BintiShela
Asalaam aleikum wana Pwani. Mimi na dada yangu tunafungua kampuni ya kuuza vikoi na mikoba ya ukili nje ya nchi. Tumebakiwa na majina mawili, Shela na Kikoi Casa. Karatasi zinapelekwa wiki ijayo na bado hatujaelewana. Mimi moyo wangu uko kwa Shela. Dada anang'ang'ania Kikoi Casa, ati mteja akilisoma tu anajua tunauza nini. Nyinyi mngechukua lipi?

Nahodha wa Amu
Waaleikum salaam. Shela, wala msibishane. Mgeni aliyewahi kupanda mashua kutoka Amu (Lamu) mjini mpaka kijiji cha Shela, akauona ule ufuo, jina halimtoki.

Karani Mstaafu
Mwanangu, nchi gani? Jina la kampuni haliulizwi bila kutaja nchi. Na ni kampuni hasa, au biashara ya mtu mmoja? Nani anatia sahihi?

BintiShela
Samahani ami. Ni Italia, mji wa Bologna. Dada ana makazi kule, yeye ndiye atakayesajili. Mimi nabaki Malindi kukusanya mzigo. Mhasibu amemshauri aanze peke yake kwanza, kampuni ije baadaye.

Karani Mstaafu
Hilo ndilo la kusema mwanzo. Akianza peke yake, sheria yao ya madai ya 1942, kifungu cha 2563, inataka jina la biashara liwe na walau jina lake la ukoo au kifupisho chake. Shela tupu haitoshi, lazima ukoo wake ufuate nyuma. Mkiingia ubia wa kawaida wa watu wawili, ule wa s.n.c., jina la mbia mmoja lazima liwemo. S.r.l., yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, ndiyo inayowaachia mchague mnavyotaka, mradi mtaje kwamba ni S.r.l., lakini hiyo inapita kwa notaio, mwanasheria wa kuthibitisha hati, na notaio analipwa. Halafu jina lililosajiliwa ni kitu kimoja, bango la dukani ni kingine, na alama ya biashara ni ya tatu. Msiyachanganye.

Mama Vikapu
Kikoi Casa mimi naliogopa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" liwe alama yake. Watu wa Kenya wakapinga, shirika la Traidcraft likawasaidia kuweka pingamizi, na maombi yale yakaachwa. Tungelala, wenzetu wangeuza kikoi kule bila ruhusa ya kukiita kikoi! Mimi nafurahi neno limebaki la wote. Lakini kwako wewe la wote lina taabu yake: leo ukifungua Kikoi Casa, kesho mwingine afungue Casa Kikoi mkabala nawe, utamzuia kwa lipi?

Nahodha wa Amu
Ndiyo nasema Shela. Ila binti, kama wewe ni wa Malindi, Shela ya Amu unaichukuaje?

BintiShela
Ami, Shela ya Malindi! Mtaa wetu, pale Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo. Nimezaliwa hapo.

Nahodha wa Amu
Mtaa upo, sikatai. Lakini mzungu akisikia Shela fikira zake zinakwenda Amu. Mkitumia jina, basi na mafundi wa Amu wapate kazi.

Baba Sabuni
Ngojeni niwape yaliyotufika, dada yako ayajue kabla hajamtajia mtu jina. Mke wangu na shoga yake walitaka kufungua kampuni Uingereza, ya sabuni za mafuta ya nazi. Kule kampuni lazima iwe na anwani ya ofisi humo humo nchini. Hawakuwa nayo, wakampata wakala wa kuwapa anwani. Akataka kila kitu: jina, nembo, picha za bidhaa. Wakampa. Ikawa mara fomu imerudi, mara benki inachelewa. Shoga yake akaingia kwenye daftari la Companies House, msajili wa makampuni wa kule, ambalo liko wazi kwa yeyote, akakuta jina lao limeshasajiliwa na mkurugenzi ni yule yule wakala. Kumpigia simu, anasema yuko tayari kutuuzia. Jina letu wenyewe! Wakili akatueleza kwamba lipo baraza la mashauri ya majina yaliyosajiliwa kwa hila, lakini mlalamikaji aonyeshe kuwa jina lake limeshajijengea sifa kwa wateja. Sabuni zetu zilikuwa bado ziko Mombasa kwenye maboksi, mteja hata mmoja hatuna. Vibandiko vyote vikatupwa. Wameanza upya kwa jina jingine na wanauza, alhamdulillahi, lakini mke wangu mpaka leo lile la kwanza hataki kulisikia.

Ukhti wa Langoni
Mtaje huyo wakala, watu wajihadhari.

Baba Sabuni
Simtaji hapa ukhti. Anayetaka kufungua Uingereza aniandikie faragha.

Dereva Watamu
Mnasahau sikio la Mtaliano. Nawabeba kila msimu. Ukitamka "kazi" tu wanatazamana, kwao linafanana na tusi. Shela halina ubaya huo, ila sauti yetu ya "sh" wao mbele ya "e" huiandika "sc". Mteja akitajiwa kwa simu ataandika Scela, na kwenye intaneti hatawapata.

Karani Mstaafu
Kweli. Kwa hiyo tafuteni Shela, Shella na Scela zote kwenye daftari la alama za Ulaya, la EUIPO kule Alicante. Kutafuta ni bure. Nguo zimo kundi la 25, mikoba la 18.

Ukhti wa Langoni
Na Dubai je? Kaka yangu anataka kuweka jina la baba yetu.

Karani Mstaafu
Dubai jina la mtu liandikwe kamili, na awe mmoja wa wenye kampuni. Baba yumo?

Ukhti wa Langoni
Hayumo ami. Nitamwambia.

BintiShela
Nimempelekea dada maneno yote haya. Sasa anasema kama ukoo lazima uwemo, basi jina la marehemu bibi yetu liwe mbele. La tatu hilo, na wiki ndiyo hii inaisha.

Mama Vikapu
Wakati mnaamua, hiyo mikoba ya ukili mnachukua wapi? Nina kina mama Faza wanasuka vizuri mno. Unalipa kwa mkoba au kwa korija?