Acheni kuficha kazi nzito ndani ya init()!

Wakuu, nimepoteza siku mbili kwa sababu nilibadili jina la faili. Jina tu! Sikugusa mstari hata mmoja wa msimbo.

Pakeji niliyorithi, imeandikwa kwa Go, ina config.go na database.go, kila faili na init() yake, yaani funksheni ambayo Go huiita yenyewe kabla ya main, ile ambayo programu huanzia. Ya kwanza inasoma mipangilio, ya pili inaitumia kufungua hifadhidata. Nikaligeuza config.go kuwa usanidi.go. Kompaila kimya. Kuiwasha programu, ikafa kwa panic ya nil (ilitumia kitu ambacho bado ni tupu, ikaanguka) kabla main haijaanza. Kumbe zana ya go huyapanga mafaili kialfabeti, na init() za pakeji moja hufuata mpangilio huohuo. C iko kabla ya d, u iko nyuma yake, kwa hiyo database.go ikatangulia mipangilio haijasomwa. Aliyeandika alitegemea herufi za majina na hakuacha komenti hata moja!

Na lugha ilishampa njia. Pakeji unayoiimpoti huandaliwa kwanza, mara moja tu hata ikiimpotiwa na pakeji kumi. Kisha vigeu vya pakeji hupewa thamani kwa kufuata kipi kinakitegemea kipi, hata vikiwa mafaili tofauti. Ndipo zinakuja init(). Angeandika var mipangilio = soma() tu, nisingekuwa hapa usiku huu.

Laibrari nazo? Kuna moja inafungua muunganisho wa mtandao ndani ya init(). Mimi nilitaka struct (aina ya data) moja tu kutoka humo, sasa majaribio yangu yote yanakufa nikiwa sina intaneti. Siwezi kuizuia. Siwezi kuiita kwa wakati wangu. Hairudishi error, kwa hiyo ikikwama ni panic au ukimya. Nikibadili kigeu cha mazingira kwa os.Setenv kwenye main nimeshachelewa, na init() inapokimbia, flagi za mstari wa amri hazijasomwa bado.

Kabla hamjanirukia: sipingi init() yote. Draiva za hifadhidata hujisajili humo kwa sql.Register, ndiyo maana tunaziimpoti kwa ile alama ya _, yaani tunataka init() yake tu bila kutaja jina la pakeji. Ukisahau, kosa lenyewe linakuuliza kama umesahau importi. Kazi ndogo, haigusi mtandao, sina ugomvi nayo.

Msiniambie pia kwamba Go 1.21 ya mwaka 2023 imemaliza tatizo. Ilichofanya ni kunyoosha mpangilio wa pakeji zisizotegemeana: zinapangwa kwa njia ya importi. Kwa hiyo jina bado linaamua nani atangulie, safari hii lile la njia ya importi.

Nimezifuta init() zote mbili. Main inasoma mipangilio, inaikabidhi kwa Fungua(), na error ikija naiona. Nyinyi wenye laibrari zinazojiunganisha zenyewe, tupeni New() tuiite sisi. Kama kuna aliyewahi kuishawishi timu ya laibrari iondoe init() ya namna hii bila kuvunja msimbo wa watumiaji wake, aniambie alianzia wapi, maana kesho nawaandikia.