Mashine ya kuosha vyombo na maji ya kisima: naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tuko wanane nyumbani, Kisauni, na mama magoti yamemchoka, hawezi tena kusimama karoni. Nataka kumnunulia mashine ya kuosha vyombo isiyokula stima wala maji mengi. Nimeona za upana wa sentimita 60 ambazo mpango wa eko (wa kubana stima na maji) hutumia lita kama 10 tu. Huchukua zaidi ya saa tatu kwa sababu maji hayapashwi moto sana. Hilo sawa, itaosha tukilala.

Kinachonitia wasiwasi ni maji yenyewe. Ya mfereji hukatika, twajazia ya kisima, nayo huacha utando mweupe mgumu kwenye birika. Kifaa cha ndani cha kulainisha maji huondoa chokaa, lakini hii chumvi ya maji yetu ya kisima je? Na sufuria kubwa ya wali wa nazi huingia? Aliyeitumia hapa Mombasa anieleze, tafadhali.